Mume kapata kazi Namie, Fukushima. Tuhamie na mtoto?

Mama Naila

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri wa watu wanaopajua mahali, maana nimechoka na wanaonitisha na wanaonituliza bila kujua chochote.

Mume wangu ni mhandisi, kazi yake ni hidrojeni. Amepata nafasi Namie, mkoa wa Fukushima, Japani, upande wa pwani. Kutoka ofisi ya mji mpaka kwenye vile vinu vya nyuklia vilivyolipuka 2011 ni kilomita kama nane. Kazi ni nzuri, mshahara unatosha, na familia zinazohamia miji ile kutoka nje ya mkoa zinaweza kupewa msaada wa hadi yeni milioni 2. Kila nikifika kwenye hiyo habari ya msaada moyo unasita. Mahali salama watu hulipwa wakakae?

Binti yetu ana miaka minne. Kila anachookota kinaishia mdomoni. Nataka kujua kama atacheza nje. Maji ya bomba je? Mchele? Samaki? Na yale maji ya kinu wanayomwaga baharini tangu Agosti 2023? Mama yangu amesema nikimpeleka mjukuu wake huko nisimpigie tena simu. Mume anasema vipimo vya Namie mjini havipishani sana na vya Tokyo. Nawapenda wote wawili na sijui nimfuate nani.

Anayeishi kule, au aliyewahi kuishi, anisaidie. Jibu tunatakiwa kulitoa mwisho wa mwezi.

Rashidi wa Eksirei

Mama Naila, mimi ni mpigaji eksirei hospitalini, mionzi ndiyo kazi yangu ya kila siku, ila Namie sijafika. Nitasema la vipimo, ya mahali nawaachia wenyeji.

Kilichowaumiza watoto baada ya ajali ya kinu cha Chernobyl, Aprili 1986, kilikuwa hasa iodini-131, iodini yenye mionzi. Ilianguka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, ikajikusanya kwenye tezi ya shingo. Maelfu ya waliokuwa watoto wakati ule wakaja kupata saratani ya tezi hiyo. Lakini iodini hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 8. Iliyotoka Fukushima Machi 2011 ilikwisha mwaka uleule, binti yako hawezi kukutana nayo. Na Japani walizuia maziwa na mboga za eneo lile kabla mwezi haujaisha, jambo ambalo Wasovieti walichelewa kulifanya.

Kilichobaki ni sesiamu, madini mengine yenye mionzi. Ya 134 hupungua nusu kila miaka 2, kwa hiyo sasa ni kidogo mno. Ya 137 huchukua miaka 30, na hiyo ndiyo mtakayoishi nayo. Inang'ang'ania udongo, hasa wa mfinyanzi, wala haikimbilii kwenye maji ya bomba. Ndiyo maana waliosafisha miji walikwangua udongo wa juu, sentimita 5 hivi, wakaubeba kwenye magunia.

Kipimo cha kukumbuka ni maikrosiveti 0.23 kwa saa. Siveti hupima mionzi inayoupata mwili, na milisiveti 1 ni maikrosiveti 1,000. Japani ilipiga hesabu kwamba anayeishi penye kiwango hicho hupata kwa mwaka nyongeza ya milisiveti 1 juu ya mionzi ya asili. Binadamu kwa wastani wa dunia hupata milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, kinu kiwepo kisiwepo. Katikati ya mji wa Namie vipimo vya barabarani viko chini ya 0.23, hapo mumeo hajakudanganya.

Lakini serikali iliruhusu watu warudi palipo chini ya milisiveti 20 kwa mwaka. Ishirini ni kiwango cha mtu mzima wa kazi yangu, aliyevaa kipimo kifuani na anayechunguzwa afya. Si cha mtoto wa miaka minne, na sitamung'unya maneno kwenye hilo. Kwa hiyo kuambiwa tu kwamba amri ya kuhama imeondolewa kusikutoshe. Uliza nyumba yenyewe inasoma ngapi.

Maji ya baharini: baada ya kuchujwa, kinachobaki hasa ni tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi, maana hiyo imekuwa sehemu ya maji yenyewe na mitambo haiwezi kuitoa. Wanayachanganya na maji ya bahari mpaka yawe chini ya bekereli 1,500 kwa lita (bekereli hupima wingi wa mionzi ndani ya kitu), ndipo wanamwaga. Shirika la Afya Duniani linakubali mpaka 10,000 kwenye maji ya kunywa. Hilo halinikoseshi usingizi.

Mkaza Mwana

Mama Naila, mdogo wangu, nakaa Minamisoma, mji unaofuata ukitoka Namie kwenda kaskazini. Mume wangu ni mtu wa Tsushima. Tsushima nayo ni Namie, na ningependa uanzie hapo kabla ya yote.

Namie ya pwani na ya stesheni ndiyo mtakayoonyeshwa. Huko amri ya kuhama iliondolewa tarehe 31 Machi 2017. Kuna kliniki, kuna shule iliyofunguliwa 2018 na watoto kama kumi tu, supamaketi tangu 2019, na reli ya Joban inapita tena moja kwa moja kuelekea Tokyo tangu Machi 2020. Kabla ya ajali mji ulikuwa na watu zaidi ya 21,000. Wanaoishi sasa ni 2,000 na ushee, na kati yao wamo wageni wengi kama mtakavyokuwa ninyi. Utaona viwanja vingi vitupu vyenye nyasi zilizofyekwa. Hivyo si viwanja vya kuuza, zilikuwa nyumba. Zilibomolewa kwa gharama ya serikali kwa sababu baada ya miaka sita bila mtu, nguruwe pori na panya walishazimaliza.

Sasa shika barabara ya 114 upande mlimani. Chini ya saa moja uko Tsushima, karibu kilomita 30 kutoka kinuni. Huko palifunguliwa kipande kidogo cha katikati tu, Machi 2023. Kwingine ni misitu, na njia za kwenda kwenye nyumba za watu zimefungwa kwa vizuizi vya chuma. Mbali na kinu kuliko nyumba mtakayopewa ninyi, na kumechafuka kuliko kwenu. Wanaochora duara kwenye ramani na kusema humu hatari, nje salama, hawajafika Tsushima.

Ilikuwaje? Mama mkwe amenisimulia mara nyingi, na kila mara anaanzia kwenye sufuria. Tetemeko lilipiga Ijumaa tarehe 11 Machi, saa tisa kasorobo mchana. Kesho yake asubuhi ikaja amri ya kuhama kilomita 10 kuzunguka kinu, jioni yake ikawa 20. Watu wa pwani wakapanda 114 kwa maelfu kuja Tsushima, kwa kuwa ni mlimani na ni mbali. Nyumba ya mama mkwe ililaza wageni mpaka kwenye varanda. Alipika wali na supu nje, kwenye sufuria ya sherehe za kijiji, watoto wa watu wakicheza kando ya moto. Siku tatu hivi. Tarehe 15 upepo ukageukia kaskazini magharibi, juu yao kabisa, na mvua na theluji vikaishusha mionzi chini. Jioni hiyo maofisa wa serikali waliokuja na mashine walipima Akogi, kitongoji cha hukohuko mlimani, wakakuta maikrosiveti 330 kwa saa. Linganisha na ile 0.23 ya kaka Rashidi. Wakaondoka. Aliyewaambia wenyeji hakuwepo. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kubashiri wingu linakokwenda, na ramani yake ya kwanza ilitangazwa tarehe 23, watu walishavuta hewa na kula. Mji wenyewe ndio uliamua, bila kuambiwa na mtu, kuwahamishia watu mji wa Nihonmatsu siku ileile ya 15.

Mama mkwe alikuwa na ng'ombe wa maziwa, akabaki. Wafugaji kadhaa walibaki kwa wiki kadhaa. Maziwa yamepigwa marufuku, lakini ng'ombe asipokamuliwa anaugua, basi walikamua asubuhi na jioni na kumwaga shambani. Hilo ndilo linalomliza hadi leo, kuliko nyumba.

Nakwambia haya si kukutisha. Nataka uelewe kwamba mionzi ya kule haikukaa sawasawa. Ilikwenda na upepo ikashuka na mvua, na imebaki pale iliposhuka ikiwa hakuna aliyekwangua. Waliokwangua walikwangua nyumba, mashamba, shule na ukingo wa msitu mita 20 hivi. Msitu wenyewe haukuguswa, na hauwezi kukwanguliwa, ni milima mizima.

Kwa hiyo sheria ya nyumbani kwangu ni moja: cha dukani tunakula, cha msituni hatuli. Mchele wa mkoa huu ulipimwa gunia kwa gunia kwa miaka kuanzia 2012, kikomo bekereli 100 kwa kilo. Wavuvi wa Fukushima wamejiwekea kikomo chao wenyewe, 50, kikali kuliko cha serikali, na wakikuta samaki amezidi wanasimamisha aina ile nzima. Lakini Mei 2023 samaki mmoja wa miambani aliyevuliwa ndani ya bandari ya kinu chenyewe alikutwa na 18,000. Bandari ile ina nyavu za kuzuia samaki wasitoke, na havuliwi samaki wa kula pale. Uyoga wa porini, machipukizi ya mlimani ya masika, nyama ya nguruwe pori: usile, hata kama jirani aliyekuletea ni mwema kiasi gani. Wazee wanaviletea watu kwa upendo, ndivyo walivyolelewa. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, mtoto asile.

Na kuhusu waliokufa, maana mama yako atakuuliza. Mfanyakazi mmoja wa kinu alitambuliwa na serikali 2018 kwamba saratani yake ya mapafu ilitokana na mionzi. Tsunami na tetemeko viliua watu kama 1,600 mkoani hapa. Lakini waliokufa baadaye kwa taabu ya kuhamahama wamepita 2,300. Wengi ni wazee. Katika hospitali moja ya Okuma, mji wa jirani na kinu, wagonjwa waliokuwa hawajiwezi walipakiwa kwenye mabasi bila wauguzi wao, saa nyingi njiani, na makumi wakafa. Baba mkwe wangu alihamishwa kutoka ukumbi wa michezo hadi hoteli, kutoka hoteli hadi vibanda vya muda vya Nihonmatsu. Alikuwa mtu wa kuamka alfajiri kuangalia ng'ombe. Kule hakuwa na cha kuamkia. Akaacha kutoka, akaacha kula vizuri, moyo ukasimama. Fidia ya mateso ya moyo ilikuwa yeni 100,000 kwa mtu kwa mwezi, na majirani wapya walikuwa wanazihesabu kuliko yeye.

Mimi nimelea wanangu hapa Minamisoma na wamekimbia nje, wameanguka, wamekula vumbi lao. Ningeulizwa Namie ya stesheni, ningekubali. Ningeulizwa Tsushima na mtoto mdogo, ningekataa, ijapokuwa ni kwetu.

Kipanga

Mama Naila, usiende. Dada hapo juu ameeleza vizuri lakini amesema ya nje ya uzio tu. Ndani ya uzio bado kuna takriban tani 880 za mafuta ya nyuklia yaliyoyeyuka yakachanganyika na chuma na zege, kwenye vinu namba 1, 2 na 3. Novemba 2024 walitoa kipande cha kwanza, hakikufika gramu moja. Mwaka 2025 TEPCO, kampuni ya umeme yenye vinu hivyo, ikatangaza kwamba kuyachimba kwenyewe hakutaanza kabla ya 2037. Na bado wanasema watamaliza kazi yote kufikia 2051. Fanya hesabu mwenyewe.

Eneo lile halijaacha kutetemeka, Februari 2021 lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.3, Machi 2022 la 7.4. Na hao mnaotaka kuwaamini walikuwa na hesabu yao wenyewe ya 2008 kwamba tsunami inaweza kufika mita 15.7, wakaiweka kando, kinu kikabaki kimeandaliwa kwa mita kama 6 na jenereta nyingi za dharura ziko chini kwenye vyumba vya msingi. Tume huru ya bunge ilisema 2012 waziwazi kuwa ni ajali iliyotengenezwa na binadamu. Kisha? Mahakama ya Juu ikasema Juni 2022 serikali haiwajibiki kwa fidia. Machi 2025 ikathibitisha kuachiwa kwa wakuu wa zamani wa kampuni. Hakuna aliyefungwa hata siku moja. Kazi za hidrojeni ziko kwingine.

Mkaza Mwana

Kipanga, yote uliyoandika ni kweli na sina la kupunguza. Nyongeza yangu ni kwamba watu wa Tsushima nao walikwenda mahakamani, mume wangu akiwemo. Walitaka serikali na kampuni waamriwe kuirudisha ardhi ilivyokuwa. Julai 2021 mahakama ya Koriyama ikasema ndiyo, serikali na kampuni wanawajibika, wenyeji walipwe fidia. Ombi la kuirudisha ardhi ikalikataa. Mume wangu alitoka pale amekunja uso kuliko walioshindwa kabisa. Hela alikuwa hajaomba sana.

Ila hatari ya ndani ya uzio si ya aina ile ya 2011. Mafuta yale yamepoa sana, joto lake ni dogo mno kulinganisha na siku zile, hata maji ya kupoza yakikatika una muda wa kuondoka. Ninachokiogopa zaidi ni mabwawa ya fimbo za mafuta ya nyuklia zilizotumika kwenye namba 1 na 2, maana fimbo za namba 3 na 4 zilishatolewa. Tetemeko la 2022 lilipopiga usiku nilichoangalia kwanza kwenye simu ni mabwawa. Pampu ya namba 2 ilikuwa imesimama, ikawashwa baada ya saa chache.

Anayehamia huku aingie na akili hiyo. Tangi la gari lisishuke nusu. Jueni njia zaidi ya moja ya kutoka, na siku ikitokea angalieni upepo kabla ya kuangalia umbali. Hii hatukufundishwa na semina.

Mama Naila

Dada, nimesoma maneno yako mara tatu nikamsomea na mume. Kuhusu ng'ombe nililia. Ametulia sasa, haongei tena habari ya "sawa na Tokyo".

Tumebakiwa na maswali mawili. Tumetumiwa picha za nyumba mbili. Moja iko karibu na stesheni, ndogo, haina ua. Nyingine ni kubwa, ya zamani, kodi yake nusu, ina bustani na kisima, nyuma yake ni kilima chenye miti. La pili, nimesikia watoto wa Fukushima walinyanyaswa shuleni walipohamia mikoa mingine. Naila tukija kuondoka atabeba hilo?

Rashidi wa Eksirei

La nyumba: sesiamu huteremka na maji na majani makavu. Mahali pa kupima ni chini ya mifereji ya paa, kwenye mtaro, na pale kilima kinapogusana na ua. Pima sentimita 1 kutoka ardhini na tena mita 1. Katikati ya sebule kila nyumba itakupendeza.

Mkaza Mwana

Sikiliza kaka yetu. Mashine ya kupimia uliza ofisi ya mji, na ukilima bustani wapelekee mboga wakupimie pia. Kabla ya kuuhesabu ule msaada wa yeni milioni 2, someni masharti yote: aina ya viza mliyonayo, na mnatakiwa kukaa muda gani. Ukiondoka mapema unaweza kudaiwa uzirudishe.

La shule ni kweli lilitokea. Kesi ya Yokohama iliyojulikana 2016 ilikuwa ya mtoto aliyehama Fukushima, wakamwita kijidudu na kumtoza hela wakisema familia yake imelipwa fidia. Wanangu wenyewe nimewafundisha mapema, kwa maneno ya kawaida, mionzi ni nini na haiambukizi, na wakiulizwa wanatoka wapi waseme Minamisoma bila kushusha sauti. Naila naye mfundishe akiwa bado mdogo, asije akasikia kwanza kutoka kwa mwenye nia mbaya.

Ile nyumba kubwa iacheni. Kisima kile na kilima kile si vya mtoto wa miaka minne. Chukueni ya stesheni, na kabla hamjatia saini njooni Jumapili, mume wangu awachukue na gari mpande mpaka Tsushima mkaone kwa macho. Mama mkwe anasema mje na mtoto, yeye abaki naye huku Minamisoma mkiwa mlimani.